Maji ya Hopsi Siku ya Koito

Mtu akiniambia kuna kitu kinaweza kunishangaza, mimi humcheka. Shule niliacha darasa la nne, na leo nina ekari tatu za majani chai hapa Boito, ng'ombe wa gredi wanne na nyumba ya mawe niliyojenga bila mkopo wa mtu. Yote nimejifunza kwa macho. Nikiona mikono ya fundi ikifanya kazi, basi, kazi hiyo ni yangu.

Ndivyo nilivyojifunza maji ya hopsi. Nilikuwa nimeokoka na kuacha bia, lakini ule uchungu wake niliukosa sana, na soda ni tamu kama dawa ya watoto. Siku moja nikaona kwenye simu mzungu akichemsha maji na hopsi, yale maua makavu ya kijani yanayoipa bia harufu yake. Akachuja, yakapoa, akatia sukari kidogo na punje chache za hamira, akafunga chupa. Kiingereza chake sikushika hata neno, lakini mikono niliielewa. Nikaagiza hopsi Nairobi, nikafanya vilevile kama yeye. Siku ya tatu nikafungua chupa yangu ya kwanza: pssss! Gesi imejitengeneza yenyewe, bila mashine. Niambie ni nani mwingine katika eneo letu zima la Konoin amefanya hivyo.

Kwa hivyo binti yetu alipopata mchumba, na wazee wa kijana wakatuma habari kwamba wanakuja kwa koito, yaani kuposa na kupatana ng'ombe, nilisema soda haitaingia kwangu. Nikatengeneza chupa ishirini. Sukari nikatia mara mbili, maana ni wageni. Kisha nikazipanga jikoni karibu na moto wiki nzima, vile mama yangu alikuwa akiweka kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandishwa. Mursik ikikaa ndiyo inakuwa tamu.

"Baba watoto, hayo si maziwa," mke wangu akasema. "Na baba ya kijana ni mzee wa kanisa. Akisikia harufu ya bia hapa, msichana wetu atazeekea kwetu."

"Umewahi kuona nikikosea?"

"Nianzie mwaka gani?"

Jumamosi wakaja. Baba ya kijana alivaa suti ya rangi ya maziwa, akaketi mbele yangu. Nikainua chupa watu wote waione, nikafungua. Kifuniko kiligonga dari. Povu likaruka lote likatua kwenye koti la mzee, na nyumba ikanuka kama baa ya mwisho wa mwezi.

Mzee akasimama. "Chukueni kofia zenu. Hatuoi nyumba ya pombe."

Binti yangu alikuwa mlangoni na trei ya vikombe. Hakulia. Aliniangalia tu.

"Mzee, ngoja," nikasema. "Wewe umechuna chai?"

"Tangu nikiwa mtoto."

"Mlevi anaweza kuchuna?"

"Mlevi? Huyo huchuna mpaka matawi."

Nikanywa chupa tatu mbele ya macho yake, moja baada ya nyingine. Nikabeba kikapu, nikaingia kwa chai nyuma ya nyumba na tai yangu shingoni. Nikalaza ufito juu ya michai, kile kijiti kirefu kinachoonyesha usawa wa kuchuna, nikachuna mistari miwili: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Wageni wote walisimama wakitazama. Mzee akamwaga kikapu kwenye gunia, akapekua jani moja moja kama karani wa kituo cha kununua chai. Hakupata hata moja la kutupa.

"Mikono hii haijalewa," akasema. "Leteni gilasi."

Akanywa, akakunja uso, kisha akanyoosha gilasi tena. "Pamwai, hii kitu ni kali, lakini ni safi."

Pamwai ni vile wazazi wa bibi na bwana wanavyoitana. Binti yangu ndipo akaweka trei chini.

Tukapatana ng'ombe sita. Halafu mzee akanivuta kando. "Kesho ninahubiri, na suti ni hii moja. Nikinuka hivi madhabahuni, wewe ndiye utaeleza waumini habari ya kuchuna chai?"

Jioni hiyo hiyo tulikuwa Bomet mjini. Suti alichagua yeye. Shati na tai niliongeza mimi, maana pamwai wangu hawezi kuvaa nusu nusu. Nililipa taslimu: shilingi elfu tisa mia sita na hamsini.