Mapigo Matatu Chumbani kwa Muhindo

Kosa langu nalitaja mwanzoni, ili mnaoingia katika kazi hii msije mkalisikia kwa watu wengine. Nilimwambia mama mmoja wa Vulamba kwamba mwanawe amekufa, na ushahidi wangu ulikuwa mapigo matatu kwenye kinasa sauti.

Wadogo wa kikundi wameniomba niandike jinsi tulivyochunguza nyumba zinazosemwa zina mizimu. Sijafika miaka thelathini, na najua mstaafu wa umri huu anachekesha. Lakini kati ya walioanza, mimi ndiye niliyebaki na madaftari. Ukurasa huu nimeuandika mara sita. Kila mara nilikuta nimejipunguzia lawama, nikaanza upya.

Siku ya kwanza nilifika kwa Président wa kikundi, fundi wa redio wa Bulengera, ambaye duka lake ndilo lilikuwa bureau, ofisi yetu. Kila nilichojua nilikuwa nimejifundisha kwenye simu, nikitazama video za Wazungu wanaotembea gizani ndani ya majumba ya mawe. Alinisikiliza huku anachomelea waya, kisha akasema, "Huku kwetu batu habatembeake giza. Basoda na bunduki zabo bakikukuta inje, ni wewe utakuwa muzimu. Siye tunatumika muchana." Akanipa cheo cha Secrétaire kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka.

Vifaa vyetu vilikuwa kinasa sauti kimoja na daftari la nyumba. Kazi ilianza kwa kile tulichokiita kusoma ukimya: unakaa saa nzima bila kuuliza kitu, ukiandika kila sauti ya nyumba yenyewe, panya, bawaba, pikipiki za jirani, ili baadaye usije ukampa marehemu sauti ya mlango. Ndipo unauliza maswali, ukiacha nafasi ya jibu. Président alisema saa ya ukimya ndiyo kazi, maswali ni mapambo tu.

Nyumba ya kwanza niliyoongoza uchunguzi wake mwenyewe ilikuwa ya Mama Muhindo, kule Vulamba. Mwanawe, Muhindo, alikwenda shambani upande wa Beni. Watu wenye silaha walipita huko, na hakuonekana tena, si mzima wala maiti. Kitanda chake kilikaa kimetandikwa miaka miwili. Mama aliomba misa kwa ajili yake, na parokiani jina lake lilisomwa pamoja na majina ya wasafiri. Sasa kulikuwa na kitu kinagonga chumbani. Mashemeji zake walitaka kilio kifanyike. Yeye alikataa kumlilia mtu ambaye pengine yuko hai. Aliniomba neno moja tu. Kama anayegonga ni Muhindo, basi amekufa, na atamlilia.

Kwenye zile video watu hufurahi mzimu ukijibu. Kwetu, mzimu ukijibu, umetoa cheti cha kifo. Nilipaswa kulijua hilo kabla sijavuka kizingiti.

Mvua ilikuwa imetoka kukatika na jua likawaka ghafla. Mashemeji walisimama mlangoni wakinitazama, na mimi hofu yangu kubwa siku zote ni kuonekana sijui. Nikaikata saa ya ukimya ikawa dakika kumi. Nikawasha kinasa sauti, nikauliza, "Muhindo, ni wewe?" Yakaja mapigo matatu, moja baada ya jingine, juu ya kichwa changu.

Président aliyasikiliza mara nyingi. Aliuliza swali moja, kama nilisoma ukimya saa nzima. Nikasema ndiyo, na katika daftari nikaandika saa nzima.

Mama Muhindo alisikiliza mara moja tu. Aliuliza kama mwanawe aliteseka, nikajibu kwamba mashine haisemi hayo. Akaingia chumbani, akavua shuka kitandani. Watu wa ukoo walizika shina la mgomba nyuma ya nyumba, badala ya mwili. Jumapili iliyofuata jina la Muhindo lilisomwa pamoja na majina ya marehemu.

Baada ya hapo nilitumwa Kalunguta, kwenye nyumba iliyotoa moshi ilhali wenyewe walikuwa wamekimbia. Kumbe walirudi mchana kupika na kuvuna, na uvumi wa mzimu waliueneza wao, ili mtu asije kung'oa milango. Niliandika yote hayo. Président akaichana ile karatasi. "Ile hapana kuandika. Unaandikia bezi bakuje kuiba?" Ndivyo nilivyojifunza kwamba ripoti inaweza kumdhuru mtu.

Kisha ikaja Beni, kwa mwalimu mkuu aliyetumwa kutoka Kasai, ambaye nyumba ya kazi aliyopewa ilikuwa inagonga. Safari hii nilisoma ukimya siku mbili, nikifuata saa bila kupunguza. Wingu lilipopita na jua kurudi, mapigo yalikuja. Nilipanda ngazi, nikaweka kiganja juu ya bati. Nikalisikia likitanuka, likivuta misumari. Pigo moja, la pili, la tatu, kimya. Nikaweka sauti ya Vulamba sikioni. Zilikuwa ndugu.

"Petit, donc naliogopa misumari?" mwalimu mkuu akacheka mpaka akajishika kiuno. Mimi nilishuka ngazi nikakaa chini.

Nilirudi Bulengera nikamweleza Président yote, na ile saa nzima ya uongo. Aliweka chini chuma chake cha kuchomelea.

"Ule mama analala sasa," akasema. "Ukienda kumuambia, unamurudishia nini? Mutoto? Hapana. Unamurudishia kungoja."

Nikamjibu kwamba ana haki ya kujua. Lakini leo naweza kukiri: sikwenda kwa ajili yake. Nilikwenda kwa ajili ya daftari langu, ambalo sikuweza kuvumilia liwe na ukurasa wenye kosa.

Nilimkuta anaanika maharage uani. Nilipomaliza kusema, aliinua macho akatazama paa.

"Ni manjanja?"

"Ndiyo, mama. Ni mabati. Jua likiyapiga baada ya mvua, yanagonga."

"Donc haujui kama alikufa."

"Sijui, mama."

"Na haujui kama iko muzima."

"Sijui."

Hakunitukana. Alisema, "Ile siku ya kwanza ndiyo ungeniambia haujui." Akasimama, akatoa shuka sandukuni, akaingia kutandika kitanda. Jumapili jina likarudi kwa wasafiri. Kaburi la mgomba lipo palepale, na mama hulizunguka akienda kuanika maharage yake. Muhindo hajarudi.

Président alifariki kwa ugonjwa, na mimi nikaacha kuongoza uchunguzi. Bado nawasomea vijana madaftari, pamoja na ukurasa ule wa saa nzima ya uongo, ambao sikuuchana wala sikuusahihisha.

Tangu siku ile kikundi kimebadili jambo moja. Zamani swali letu la kwanza mlangoni lilikuwa, "Munasikia nini?" Sasa tunauliza, "Nani hajarudi?" Tukitajiwa jina, kinasa sauti hakitoki mfukoni.