Fungu la Marwa

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na wala haikuwa siku ya sherehe. Ilikuwa siku ya kunyimwa nyama. Usicheke. Kaa vizuri, weka hiyo simu chini kidogo, shangazi yako akueleze jambo kabla uzee haujanisahaulisha.

Nyinyi vijana wa Nkende mnadhani mambo ya kuambizana "tazama hii, usiikose ile" mmeyaanzisha nyinyi. Nawasikia jioni mkibishana juu ya katuni za Kijapani na filamu za watu wanaoruka angani mpaka ugali unapoa. Hata sisi tulikuwa hivyo hivyo. Ila nyinyi mnatumiana kwa simu, na sisi tulikuwa na deki moja ya kaka yake Chacha, na kanda za video zilizovushwa kutoka Isebania, ng'ambo ya mpaka, zikiwa zimefungwa ndani ya kanga. Tulikuwa wanne: Chacha, jirani yetu pale Turwa; Rhobi, binti niliyesoma naye; kijana Marwa; na mimi. Tulipenda hadithi ambazo wenzetu waliziona za kitoto. Vyombo vinavyosafiri kwenye nyota, watu wa chuma wanaofikiri, vitabu vya katuni vilivyosomwa mpaka kurasa zikachomoka. Watu wazima walituona tumepungukiwa kidogo kichwani, nasi hatukujali. Akili ni nywele, kila mtu ana zake.

Katika sisi wanne, mwenye kipaji alikuwa Marwa. Chacha akiipenda filamu alitaka kila mtu aipende, na ukisinzia anakupiga kiwiko cha mbavu. Marwa hakuwa mtu wa hivyo. Alikuwa anaangalia, anakaa kimya, halafu baada ya siku kadhaa anakuja nyumbani na kanda mkononi. "Ghati, hii ni yako." Hakusema ni nzuri. Alisema ni yangu. Wakati mama yangu anaumwa aliniletea moja ya msichana anayelinda taa kwenye sayari ya mbali, peke yake, akingoja watu wake warudi. Niliiangalia nikalia, kisha kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nikalala usingizi wa kweli. Marwa hakuwahi kuniambia pole kwa mdomo, na sikuona pengo lake.

Halafu macho yake yakaanza kuharibika. Mwanzoni alikuwa anasogeza kigoda karibu na televisheni, nasi tukamtania kwamba anataka kuingia ndani. Baadaye akawa anakaa pembeni, anatazama kwa ubavu kama kuku. Kumbe ilikuwa presha ya macho. Alipofikishwa hospitali kubwa, daktari akasema kilichokwisha kufa hakirudi. Wazazi wake walikuwa wametangulia mbele ya haki, kwa hiyo akachukuliwa na bibi yake mzaa baba, bibi Nyangi, kule Itiryo.

Hapo ndipo huruma yetu ilipoanza kazi.

Rhobi ndiye aliyesema, na alisema kwa upendo. "Jamani, tukienda kumwona, mambo ya filamu tuyaache. Tutamtonesha kidonda." Tukakubali wote. Lilionekana neno la busara, hata mama yake Rhobi alitusifu kwamba tumekua. Tukaenda Itiryo na sukari na sabuni, tukaongea habari za mvua na bei ya ndizi. Marwa akauliza, "Mmeona nini siku hizi?" Chacha akamjibu kwamba deki imeharibika. Tulipokwenda tena akauliza vile vile, tukamwambia tumeacha mambo hayo, tumekuwa watu wazima. Baadaye akaacha kuuliza. Tulipokuwa njiani kurudi tukaambizana afadhali, ameanza kuzoea.

Mwanangu, mtu akiacha kuuliza usikimbilie kusema amezoea.

Sasa ile siku ninayokwambia, tulidandia lori la watu wa mnada, likatushusha, tukamaliza safari kwa miguu. Itiryo unaijua, ni kupanda na kushuka, baridi inakuingia mpaka kwenye meno. Wiki ile tulikuwa tumepata kanda mpya, ya mtu wa chuma aliyeachwa kulinda mji ambao watu wake wote wameuhama. Chacha na Rhobi walibishana njia nzima. Chacha anasema yule mtu wa chuma alikuwa mjinga, angeondoka siku nyingi. Rhobi anasema mjinga ni wewe, aliyeambiwa alinde halindi kwa zamu. Mimi nilikuwa nacheka tu. Tulipoukaribia ua wa bibi Nyangi, Rhobi akaweka kidole mdomoni, tukanyamaza wote watatu, tukatengeneza nyuso za kwenda kumwona mgonjwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Karibuni, mmetembea."

Marwa alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya nyumba, amevaa shati jeupe lililofungwa vifungo mpaka shingoni. Alikuwa amekonda. Akageuza uso kwenye sauti zetu, akatabasamu. Tukaongea habari za mvua.

Bibi Nyangi alikuwa amechinja mbuzi kwa ajili yetu, na kwa mjane mwenye mbuzi wa kuhesabika hilo si jambo dogo. Sasa wewe umekulia mjini, nyama unaijua ya kilo kwenye gazeti, lakini kwetu mnyama hagawanywi ovyo ovyo. Kila kipande kina mwenyewe. Kuna cha mzee wa boma, kuna cha mjomba, kuna cha aliyechuna, kuna cha wanawake. Asiyekuwepo anawekewa fungu lake hadi atakapolifuata. Anayerukwa ni aliyekufa, kwa sababu huyo hana mdomo tena. Kwa hiyo nyama ikigawanywa nawe umekaa pale, ikakupita, umeambiwa neno zito sana hata kama hakuna aliyefungua kinywa.

Basi bibi akagawa. Akampa Marwa. Akampa shemeji yake, mzee mmoja aliyekuja kutusalimia. Akampa jirani aliyechuna. Mbwa naye akarushiwa mfupa. Ugali wa ulezi ukawekwa katikati, unafuka moshi. Kisha bibi akakaa, akakunja kanga yake magotini, akaanza kula. Mbele yetu hapakuwa na kitu.

Tukatazamana. Chacha, ambaye njaa yake haikujua aibu, akakohoa. "Bibi, na sisi?"

"Nyinyi nimewaonea huruma, mura, kijana wangu," akasema bibi, tena kwa sauti ya upole kabisa. "Njia yenu ni ndefu, nyama ingewalemea tumboni. Nikaona hata kuwaonyesha ni kuwatesa."

"Lakini bibi, si ulisema mbuzi ni wa wageni?"

"Ni wenu. Nimewapenda ndiyo maana sikuwapa."

Yule mzee akaacha kutafuna. Mimi nilihisi masikio yanawaka moto, na bado nilikuwa sijaelewa.

Bibi akaweka tonge chini. Kiswahili chake hakikuwa kingi, akawa anachanganya na Kikurya, lakini kila neno lilifika. "Nilikuwa kwenye migomba mlipopita. Mlikuwa mnagombana habari za huyo mtu wenu wa chuma mpaka kuku wangu wakakimbia. Mkafika hapa uani, mkanyamaza kama mnaingia msibani. Huyu mnamwambia mmeacha. Huyu amevaa hilo shati jogoo hajawika! Kila akisikia mnakuja, analivaa. Mkiondoka, hali chakula. Ananiuliza, 'Bibi, kwani mimi nimekufa?' Mimi mwanamke mzee nitamjibu nini? Haya, mpo hapa. Mjibuni nyinyi. Amekufa?"

"Bibi, basi," akasema Marwa.

"Si basi."

Rhobi alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanadondoka kwenye magoti. Nami nililia, mwanangu, sitakuficha, na haikuwa kwa sababu ya njaa. Nilikuwa nimeona kwa mara ya kwanza tulichokuwa tunafanya. Tulikuwa tumemzika rafiki yetu, tena kwa mikono laini, na tulikuwa tunasifiwa kwa kuzika vizuri.

Marwa akageuza uso wake kwetu. "Mlidhani macho ndiyo yalikuwa yanapenda?" Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa kwa hasira ningevumilia.

"Mpeni fungu lake kwanza," akasema bibi. "Na lenu litakuja."

Chacha akaanza kusimulia. Ee Mungu, alisimulia vibaya! Alikimbia kama anayefukuzwa na nyuki, dakika chache tu mji umeshahamwa na mtu wa chuma yuko getini. Marwa akainua mkono. "Polepole, Chacha. Geti lilikuwa la nini? Limeota kutu?" Chacha akanitazama. Mimi nikamtazama Rhobi. Hatukujua. "Alipokuwa peke yake usiku, mwanga ulitoka wapi? Alipotembea alitoa sauti gani?" Tuliangalia kanda ile mara nyingi, na sisi ndio wenye macho, tukiambiwa kila siku mwenye macho haambiwi tazama. Ikabidi tusaidiane. Rhobi akakumbuka sauti ya hatua, mimi nikakumbuka mwezi juu ya paa za bati. Mmoja akikwama, mwingine anaokota. Bibi Nyangi naye akasogeza kigoda, na katikati ya hadithi akauliza, "Huyo wa chuma, anakula nini?" Marwa akacheka. Ilikuwa imepita muda mrefu sana bila kusikia kicheko kile, na yule mzee naye akacheka kwa sababu ya kumwona anacheka.

Tulipofika mwisho, mtu wa chuma anapovua funguo za mji na kuanza kutembea kwenda nchi asiyoijua, Marwa alikaa kimya kama zamani. Kisha akasema, "Hii si ya Chacha, wala si ya Ghati. Hii ni ya Rhobi."

"Kwa nini mimi?" akauliza Rhobi.

"Si wewe unayekwenda kukaa kwa watu usiowajua?"

Posa ya Rhobi ilikuwa imetoka Mugumu, Serengeti. Ilitajwa pale mara moja tu, katikati ya habari za mvua na ndizi, na sisi tuliofuatana na Rhobi kila siku hatukuwahi kumuuliza kama anaogopa. Alikuwa anaogopa sana. Marwa alisikia kwenye sauti. Rhobi alimshika mkono, akalia mpaka bibi akamletea maji.

Tulikula ile nyama ikiwa imepoa, na sikumbuki ladha yake. Ninachokumbuka ni maneno ya Marwa alipokuwa anatusindikiza hadi nje ya ua, mkono wake begani kwa Chacha. "Nimefurahi," akasema. "Lakini siku zote zile nilizokaa hapo kwenye benchi, hizo hamuwezi kunirudishia." Tulitamani kumbishia. Hatukuweza, kwa sababu yalikuwa kweli. Tangu siku ile hatukwenda Itiryo mikono mitupu wala midomo mitupu, na urafiki wetu ulipona, lakini kovu ni kovu. Kovu haliumi, ila ukilipapasa unalikuta.

Sasa nisikilize, maana sikukuita hapa nikupe hadithi tu.

Juzi nilikuwa napepeta ulezi pale uani, nawe ulikuwa unaongea na wenzako. Nilisikia habari za Wankuru, yule binti mliyekuwa mnabishana naye katuni mpaka giza linaingia, aliyemzika baba yake mwezi uliopita. Nilikusikia ukisema mmefungua kundi jingine kwenye simu, yeye hayumo, ili msimsumbue na mambo ya katuni wakati ana msiba. Ulisema kwa upole, mwanangu. Ulikuwa unamwonea huruma. Nilisimamisha ungo nikakutazama, nikamwona Rhobi, nikajiona na mimi.

Kwa hiyo nakwambia. Mtu aliyepatwa na jambo, usimpunguzie yale aliyoyapenda ukadhani unampunguzia mzigo. Mzigo unabaki pale pale, unakuwa umemnyang'anya kata ya kichwani tu. Muulize. Akisema leo sitaki, nyamaza, na kesho muulize tena. Na unapompa mtu hadithi, usimpe kwa sababu imekupendeza wewe, au kwa sababu kila mtu anaisema. Mtazame kwanza ni nani, yuko wapi, anaogopa nini, ndipo uchague. Heri kufa macho kuliko kufa moyo, wazee walisema, na moyo wa mtu haufi kwa ugonjwa peke yake. Unakufa anapoona wenzake wanagawana na hakuna anayelitaja jina lake.

Wankuru hajafa. Aliyekufa ni baba yake.

Mpigie sasa hivi. Usianze na pole, pole amezipata nyingi mpaka zimemchosha. Mwambie kuna hadithi umeiona ukamkumbuka, halafu umsikilize anapumua vipi.

Nenda, mwanangu. Mungu wa baba zako akupe jicho la kumwona mtu na sikio la kusikia kile asichokisema. Ng'ombe wako wazae, mdomo wako usikose neno jema. Na itakapofika siku yako ya giza, kwa maana kila mtu anayo yake, awepo mtu mlangoni anayebisha hodi na kukuuliza: umeshaiona hii?