Mwalimu Desderi na nguzo iliyoota majani

Kichwa changu kinakataa, jamani. Tangu juzi wananiambia Mwalimu Desderi amefariki, na mimi nawajibu ulizeni vizuri, huyo Mfipa huwa anachelewa kila mahali. Leo tumemzika.

Kwa nyie vijana msiomjua: alifundisha fizikia hapa Mpanda miaka ya tisini. Mimi ni Mkonongo, mrina asali wa Ugalla, shule niliishia darasa la nne. Alikuwa mtani wangu, kwa hiyo kumsema ni haki yangu hata leo.

Alitaka kujua kitu kimoja tu: je, kuna dunia nyingine kama yetu, yenye maji na watu wabishi?

"Utaiona vipi kutoka mtaani kwetu Misunkumilo?" nikamuuliza.

"Siioni. Naipima nyota yake."

Akanikamata mikono palepale sokoni, tukazunguka kama watoto. Mimi na tumbo hili, yeye mwembamba kama fito. "Umeona, mzee? Mimi nimezunguka sana, lakini na wewe mnene umeyumba kidogo. Nyota ni wewe, sayari ni mimi. Hata nisipoonekana, kuyumba kwako kunanitaja."

Wauza dagaa wakasema, "Hawa wamelewa asubuhi yote hii!"

Basi akachimbia nguzo nyuma ya nyumba, akaifungia bomba la chuma, akawa anachungulia nyota moja kila usiku ikipita hapo, ugali ukimngoja. Mvua zilipoanza, nyota ikahama! Akatangaza shuleni. Akatangaza kanisani.

Nikaenda kuona. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alikuwa amekata mti mbichi, na mvua ya huku haina mchezo: nguzo imeota majani na kupinda. "Mwalimu, nyota yako imechipua!"

Mkewe, Mama Oliva, akadakia, "Nilimwambia mimi. Hapa hata ua wa choo unachipua."

Mji mzima ukamwita Mwalimu Majani. Nikajua atalitupa bomba. Wapi! Alichimbia nguzo ya chuma. "Nilikosea kupima nyota moja peke yake," akasema. "Unaipima na majirani zake. Zikisogea zote, umesogea wewe. Ikiyumba moja tu, hiyo ina mwenzake."

Baadaye redio ikasema huko ng'ambo wamepata sayari kwenye nyota ya mbali. Nikampelekea asali ya pongezi. Akaila, akanuna.

"Hiyo ni kubwa, halafu moto mtupu. Mimi nataka ndogo kama yetu. Kuyumba kwa nyota yake ni kama uweke punje ya ulezi mwezini, halafu uione ikisogea ukiwa hapa Mpanda."

"Na bomba lako litaweza?"

"Haliwezi. Lakini vipimo vitakuja, na mwanafunzi wangu mmoja atajua vinapima nini. Lete asali nyingine."

Jeuri hiyo sijaiona kwa mtu mwingine.

Leo makaburini nimekaa juu ya udongo, kama ilivyo desturi ya watani, nikakataa wasifukie. "Jeneza limepinda! Linyoosheni, huyu alikuwa mtu wa vipimo!" Mama Oliva akacheka huku analia. Wakalinyoosha kweli.

Mwalimu, sasa nakuaga. Kurudi nyumbani nimeyumba njia nzima, na sijaonja kitu. Nikawaangalia majirani, wote wanatembea wima. Ni mimi peke yangu.

Kwa hesabu zako basi, upo.

Lala unono, Majani.