Ukurasa Uliogeuziwa Ukutani

Nilifika Nkololo Jumamosi asubuhi na gari langu mwenyewe, maana siku hizi sipandi la mtu. Nyumba ya bibi inabomolewa, ninaweka ya kisasa, bati la rangi, vigae mpaka jikoni. Mimi huyu niliyeishia darasa la nne. Njiani mwanangu wa mwisho alikuwa amekumbatia begi la shule lenye shujaa wa katuni wa ng'ambo, wale wa kuvaa kinyago na kuruka. Akaniuliza, "Baba, shujaa wako alikuwa na nguvu gani?"

Wangu alikaa ukutani kwa bibi; nilimsimulia njia nzima.

Mjomba alifanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba Bariadi, akatuletea magazeti ya katuni yaliyochakaa. Bibi akayabandika ukutani kwa uji mzito wa mhogo ili udongo usitupukutikie. Chumba kikanuka uji uliochacha kwa miezi. Nilijifunzia kusoma pale, shingo imepinda, maana kurasa nyingine zilikaa kichwa chini. Shujaa wetu alikuwa mchunga mwenye kitambaa chekundu kichwani, anabeba dume la ng'ombe mabegani. Hadithi ilipotukatikia, ananing'inia kisimani kwa mkono mmoja, wezi wa ng'ombe wamesimama juu na shoka. Ukurasa uliofuata, wa mwisho, bibi aliugeuzia ukutani. Hakujua kusoma, na upande wa pili kulikuwa na tangazo la sabuni, mama mnene anacheka.

"Huyu ananifurahisha," alisema. "Huyo wenu kazi yake kupigana tu." Na kugusa karatasi zake ilikuwa fimbo.

Aliyetuokoa ni kaka yangu. Aliapa kwamba aliuona ukurasa ule kabla haujapakwa uji: dume lilikuja, likamshushia mkia, mchunga akapanda. Tukipalilia pamba anasimulia, tukichota maji anasimulia, na kila mara wezi wanaongezeka. Watoto wa majirani wakaanza kuchunga na vitambaa vyekundu.

Mwaka malisho yalipokauka, baba alimtuma kaka apeleke ng'ombe kusini, Katavi. Nilimsindikiza mpaka mtoni.

"Kaka, ule ukurasa uliuonaga kweli?"

Akacheka. "We naye. Si nimekwambia amepona? Rudi, ndama wanakusubiri."

Hakurudi. Hakuna barua, hakuna aliyemwona. Sijui kwa nini niliyafunga mambo haya mawili pamoja, ila niliyafunga: kama mchunga yule alipona, basi na kaka yuko hai mahali. Bibi alipofariki ningeweza kuubandua ukurasa ule. Niliogopa. Jumamosi hiyo nilikuja na kisu chembamba mfukoni.

"Mwangaluka, bosi," fundi akanisalimu. "Tumewahi. Si ulisema usikute hata tofali?"

Ilibaki sakafu tu.

"Ule ukuta wenye makaratasi?"

"Ule mbona ulikuwa mwepesi. Makaratasi tumewashia moto wa chai. Karibu kikombe."

Ni kweli nilisema. Nilipiga simu nikiwa dukani kwangu, kwa sauti, ili wateja wasikie mtu anajenga.

Nikapokea chai, nikakaa kwenye rundo la udongo. Shujaa wa mwanangu yuko kwenye begi, kwenye vikombe, kwenye kandambili. Mji mzima ukiungua atabaki. Wangu alikuwa na ukurasa mmoja, na nilikuwa naunywa.

Mtoto akaja kukaa karibu. "Baba, yule wako wa kisimani alikufa?"

"Amepona," nikamwambia. "Ukurasa niliuona mwenyewe."