Uso wa Bibi Harusi Uliotoweka Ndani ya Kioo

Wadau, nianze kwa kukiri kabisa: siku ile mjinga nilikuwa mimi. Msihangaike kumtafuta mwingine.

Maisha yameshanichapa sana. Nimewahi kuuziwa pikipiki nikagundua njiani kwamba haina breki. Lakini ule ujinga wa Ruangwa, Januari 2003, sikuuziwa na mtu. Niliutengeneza mwenyewe, kwa mikono hii.

Jumanne asubuhi studio ya picha ya mzee Sadiki ilifunguliwa, na bibi harusi wa dirishani hakuwa na uso.

Macho yapo. Midomo myekundu ipo. Uso hakuna.

Macho mawili yamening'inia kwenye kioo, yanatazama stendi kana kwamba yanasubiri basi la Lindi.

Kufuli nzima. Kioo hakina hata mkwaruzo.

Ngoja niwaweke sawa kwanza.

Mimi ni Kornel, fundi wa mabango kutoka Nachingwea. Nimeandika majina kwenye kuta za maduka, kwenye milango ya malori, mpaka kwenye misalaba ya makaburini. Mzee Sadiki alikuwa ameweka kioo kikubwa mbele ya studio yake, kimetoka Masasi kimelazwa katikati ya magodoro mawili. Msimu wa korosho ulikuwa umekwisha, watu wanaoana kila wiki. Akaniita.

"Kornel, nataka harusi hapa dirishani. Bibi na bwana. Mtu akishuka kwenye basi tu, ajue pa kupigia picha ni hapa."

"Nabandika kwa nje, mzee?"

"Nje hapana. Vumbi, mvua, na watoto wenye kucha. Bandika ndani, ionekane nje."

Hiyo kazi ya kukata karatasi za rangi na kuzibandika kinyumenyume, wadau, inapindua kichwa.

Ukibandika nje, unaanza na uso halafu unaweka macho juu yake. Ukibandika ndani, unaanza na macho. Kisha midomo. Halafu ndio unafunika na uso, unafunika na nywele, unafunika na shela. Ukikosea ukaanza na uso, macho yanabaki nyuma, na mtu wa nje anaona boga limevaa shela.

Tena wewe uliye ndani huoni picha. Unaona migongo ya karatasi. Kulia kwako ni kushoto kwa anayetazama. Kila baada ya muda unatoka nje, unatazama, unarudi.

Mimi sikutoka. Nilikuwa najisikia.

Aliyetoka ni Klementina.

Klementina alikuwa mfanyakazi pekee wa mzee Sadiki, binti wa Kimakonde aliyekaa kaunta. Mama yake alikuwa kijijini Nambambo, miguu imemkatalia, na kibarua kile ndicho kilichowalisha wote wawili. Mzee alimwamini kiasi kwamba ufunguo wa studio, ambao ulikuwa mmoja tu, ulilala kwake.

Klementina akasimama barabarani, akainamisha kichwa huku na huku.

"Fundi, hongera. Ila bibi harusi wako kavaa pete mkono wa kulia."

Nikatoka nje. Kweli bwana.

"Ndio mtindo wa Dar siku hizi," nikamwambia.

"Na hayo macho ya kukodoa nayo ni ya Dar? Mbona kama katajiwa bei ya ng'ombe wa shughuli?"

Stendi nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, lakini moyoni nikamwekea.

Kwa hiyo ile Jumanne uso ulipotoweka, mimi sikuwaza majini. Niliwaza mtu.

"Ufunguo anao nani?" nikauliza kwa sauti ya upole, ile ya kinafiki.

"Ninao mimi," akajibu Klementina.

"Aaa. Nilikuwa nauliza tu."

Wakati tunaongea akatokea kijana mmoja anayekaribia kuoa. Alikuja kuulizia picha. Akayaona yale macho, akarudi nyuma hatua mbili.

"Mimi hapa sipigi. Mke wangu atatoka hana uso."

Akaondoka. Mzee Sadiki akamsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona.

Nikatengeneza upya siku hiyohiyo. Alhamisi asubuhi, bwana harusi hana koti.

Vifungo vitatu vipo. Tai ipo. Koti limekwenda, na kifua pia.

Hapo nikamvuta mzee Sadiki pembeni.

"Mzee, mchezo huu una mwenyewe. Kufuli haijavunjwa. Mwenye ufunguo ni mmoja. Umeziona kucha zake? Na kila siku ndiye wa kwanza kufika, anafagia kabla hatujaona kitu. Anafagia nini?"

"Kornel, binti huyu nina miaka mitatu naye."

"Mzee wangu, hata meno unayo tangu utoto, na bado yanakung'ata ulimi."

Mzee akageuka, akamtazama Klementina. Nikajua imeingia.

Kuanzia hapo kila alichofanya Klementina nilikiona ni ushahidi. Akicheka, anatucheka. Akinyamaza, anapanga. Aliponiletea chai niliinusa kwanza.

"Fundi, chai ina nini?" akauliza.

"Ya moto."

Ijumaa jioni, wakati wa kufunga, nikamshawishi mzee tumwage majivu sakafuni, kuanzia mlangoni mpaka chini ya kioo. Nikayachekecha vizuri kama unga wa chapati. Atakayekanyaga, nyayo zitasema.

"Majivu ya nini?" akauliza Klementina.

"Ya usalama."

Akafunga, akaondoka na ufunguo wake.

Jumamosi niliwahi. Na kwa kuwa mdomo wangu haukuwa na kifuniko, nusu ya stendi nayo iliwahi. Safari hii mzee Sadiki alichukua ufunguo kwa Klementina, akafungua kwa mkono wake.

Shela yote imekwenda. Bibi harusi kabakiwa na pete tu.

Tukatazama chini. Kwenye majivu hakuna unyayo hata mmoja wa mtu.

Mtu mwenye akili angesema, "Basi, binti hana kosa."

Mimi nikapaza sauti: "Mnaona! Hata nyayo hana! Huyu haingii kwa miguu!"

Watu wakaguna. Mama mmoja akamvuta mwanawe nyuma ya kanga. Wadau, huku kwetu neno kama lile ukilitupa mbele za watu halirudi peke yake. Linaweza kumhamisha mtu mji. Na mimi nililijua hilo wakati nalisema.

Mzee Sadiki uso ulimshuka. Akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Klementina, nenda kwa mama yako. Hapa kazi basi."

Hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Niende nikamwambie mama nimefanya nini?"

Akachuchumaa mlangoni, akayatazama yale majivu kwa muda mrefu. Kisha akanyanyuka, akaenda moja kwa moja kwenye kioo.

"Fundi, ulibandika kwa nini?"

"Kwa gundi."

"Gundi gani?"

"Gundi ya mafundi. Wewe hutaijua."

Akakwangua kioo kwa ukucha, akaweka ulimini.

"Mbona tamu?"

Wadau, hapa kuna jambo sikuwaambia. Msinikasirikie, na mzee Sadiki pia sikumwambia.

Gundi ya kweli iliniishia siku ya kwanza. Kufuata nyingine Masasi niliona uvivu. Nikaazima sufuria kwa mama ntilie, nikapika uji wa unga wa muhogo, mwepesi, nikatia sukari nyingi ili ushike na ukikauka usiache ukungu kwenye kioo. Ndio niliobandikia harusi yote. Na niliporudia kutengeneza, nikaongeza sukari.

Pale penye karatasi nyingi ndipo palipokuwa na uji mwingi. Usoni. Kwenye koti. Kwenye shela.

"Uji," nikasema. Sauti ilitoka ndogo kama ya kuku mwenye kideri.

"Wa nini?" akauliza mzee Sadiki.

"Muhogo."

"Na sukari," akaongeza Klementina. "Mzee, njoo uone. Mlikuwa mnatafuta nyayo za mtu. Hizi je?"

Mzee akainama. Na mimi nikainama. Majivu yalijaa vistari vidogo vidogo, kama mishono ya cherehani, mamia kwa mamia, vyote vinatoka chini ya ubao ulioshikilia kioo.

Mzee akaung'oa ubao.

Sijawahi kuona mende wamenona vile. Walitoka taratibu, wazito wazito, kama wageni wanaoondoka shughulini baada ya pilau.

Ile stendi ilicheka, wadau. Walicheka mpaka kondakta akasahau basi lake.

Mzee Sadiki hakucheka. Alimpelekea Klementina ufunguo kwa mikono miwili.

"Binti yangu, nisamehe. Shika."

Klementina hakuupokea.

"Mzee, kunifukuza ulinifukuza kwa sauti. Sasa waambie hawa kwa sauti ileile."

Mzee akageuka, akawatazama watu, akapaza sauti: "Klementina hana kosa! Mimi na fundi ndio tuliokosea!"

Hapo ndipo akaupokea. Jumatatu yake nilikwenda Masasi, nikarudi na gundi, nikaifanya kazi yote upya, na kila kipande nilichoweka nilitoka nje kukitazama.

Kwa hiyo ndugu yangu unayesoma, kazi yako ikiharibika, anza kuikagua mikono yako. Ya jirani utaifikia baadaye. Na mtu aliyekucheka jana asiwe mhalifu wako wa leo, maana hasira ni hakimu anayeandika hukumu kabla kesi haijafunguliwa.

Lakini msidhani nilikubali kirahisi. Siku ya kumaliza, nilipokuwa nafunga vifaa vyangu, bado nilijitetea. Nikamfuata kaunta.

"Dada Klementina, nimekosa, sikatai. Lakini sema haki ya Mungu. Mlango umefungwa, ufunguo ni mmoja, unao wewe. Ungekuwa mimi, ungemshuku nani?"

Alikuwa anapanga picha kwenye bahasha. Hata kichwa hakuinua.

"Fundi, watu wakila shughulini wakaumwa tumbo, haulizwi mwenye ufunguo wa nyumba. Anaitwa mpishi."