Ukurasa wa Pili

Ukifungua chumba, ukaacha mlango wazi kwa kila mtu, na mmoja akaingiza humo mali isiyo yake, mwizi ni nani? Usijibu haraka. Mtu wa habari hii alijibu haraka, akalala usingizi mnono kwa siku kumi na mbili, kisha usingizi ukamhama.

Watu walimwita Rula. Alikuwa mkuu wa chumba cha uchapaji katika chuo cha ualimu, akidurufu mitihani na kushona vitabu vilivyoachia uzi, na hakuna siku aliyowahi kuvumilia mstari uliopinda. Karatasi ikitoka kwenye mashine imeegemea upande kwa unene wa unywele, aliirudisha. Mkewe alisema hata shuka la kitanda hulipima kwa jicho moja kabla ya kulala.

Miaka minne nyuma, yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi wa kompyuta mwenye mdomo usio na breki, walifungua tovuti wakaiita Ghala. Mwalimu yeyote aliweza kupakia humo maelezo ya somo, michoro au mitihani ya zamani, na mwingine, popote alipo, akapakua bure. Shemeji ndiye aliyeijenga na kushika funguo zake za ndani. Rula alikuwa mwangalizi. Kila faili lililoingia alilifungua, akanyoosha kurasa zilizopigwa picha shingo upande, akafuta madoa ya vidole pembeni. Hakutumwa na mtu. Waliosema aliyeshiba hamjui mwenye njaa hawakukosea: anayeishi jirani na maktaba hajui maana ya kitabu kimoja kwa watoto sabini. Rula alijua, maana walimu wa shule hizo walimwandikia.

Ndipo ikaja barua ya wakili. Kitabu kizima cha kemia, cha mchapishaji mmoja, kilikuwa kimekaa Ghala miezi minane, kimepakuliwa na maelfu. Mwenye tovuti ajieleze ndani ya siku kumi na nne, la sivyo wakutane mahakamani. Rula alikiondoa kitabu saa ile ile. Kisha akampelekea dada yake barua hiyo, kwa kuwa dada alikuwa amechapa hukumu mahakamani kwa miaka ishirini na miwili, na mtu hakai karibu na jiko muda wote huo asijue kupika.

Dada alimweleza taratibu. Kwamba si Rula aliyepakia kitabu, hilo liko wazi, ila sheria haitaishia hapo, itamuuliza swali moja tu: ulijua? Mwenye tovuti asiyejua, na aliyeondoa mara alipoambiwa, ana pa kusimama. Aliyejua akanyamaza, au akatia mkono, anasimama kizimbani pamoja na mwizi. Na chuo hakitamwachia mitihani mtu mwenye kesi ya namna hiyo. Ghala ingefungwa, na kazi ingekwenda nayo.

"Sikujua," Rula akajibu, na hivyo ndivyo alivyoandika: aya moja, mistari minne, yote imenyooka.

Jumapili mchana, siku moja kabla ya mwisho wa muda, shemeji alikuja kumsaidia kutafuta tarehe kamili kitabu kilipoondolewa. Akafungua kumbukumbu za Ghala, akaanza kushuka huku akipiga soga, kisha akanyamaza. Rula akajua kuna jambo. Shemeji hakunyamaza hata msibani.

Pale kitabu kilipokuwa, kitabu hakipo, lakini maneno ya chini yake yalikuwa yamebaki. Rula mwenyewe alimwandikia aliyekipakia: "Asante sana, mwalimu. Ukurasa wa pili ulikuwa umepinda, nimeunyoosha. Kazi njema."

Shemeji akatafuta nakala iliyokuwa imehifadhiwa, akaufungua ukurasa wa pili. Haki zote zimehifadhiwa. Hairuhusiwi kunakili wala kusambaza kitabu hiki, au sehemu yake yoyote, bila idhini ya maandishi. Na ukurasa wenyewe umenyooka kama uzi wa fundi mwashi.

Shemeji akatikisa kichwa. "Duniani kote watu wanaponzwa na uvivu. Wewe shemeji yangu utafungwa kwa bidii."

Rula hakucheka. Alikuwa anajiuliza kama kweli hakusoma. Angeweza kujitetea kwamba fundi wa dirisha huona fremu, haoni mtaa. Lakini ukurasa haunyooshwi hivihivi. Unautafutia mstari wa kwanza, unaulaza sambamba na ukingo, unakaza macho. Na mstari wa kwanza wa ukurasa ule ulikuwa na maneno matatu tu. Aliyakazia macho. Alijua kwa namna ile mtu anavyojua kitu asichotaka kukiuliza. Angekuwa mvivu, asingekuwa na la kuogopa.

Shemeji alimwambia afute ujumbe ule, kazi ya dakika moja, nani atakumbuka asante ya miezi minane. Kidole cha Rula kilikwenda hadi kwenye kitufe kikakaa hapo, halafu akakiondoa akampigia dada yake. Dada alifika na kitenge cha jikoni bado kiunoni. Akasoma asante, akasoma ukurasa wa pili, akavuta kiti.

"Nisikilize, mdogo wangu. Nimechapa hukumu za kila aina. Hakimu siku nyingine humwonea huruma aliyekosa. Aliyefuta, huruma yake sijawahi kuichapa."

Akamwamuru achane ile aya ya mistari minne na aandike upya: kwamba aliufungua ukurasa, kwamba aliunyoosha, kwamba alimshukuru aliyeleta. Na hiyo asante ainakili ndani ya barua, neno kwa neno. Rula aliandika. Shemeji alisimama mlangoni akisema hajawahi kuona watu wakimwazima adui kamba ya kuwanyongea. Rula akamwambia asiguse kitu. Shemeji akasema sawa, utanishukuru tu, akaenda zake.

Asubuhi yake Rula alipanda ngazi za ofisi ya wakili, juu ya duka la dawa. Karani, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliipokea bahasha bila kuifungua, akatoa jalada lenye kurasa walizokuwa wamezichapa kutoka Ghala kabla barua ya madai haijatumwa. Akafungua tovuti kwenye kompyuta yake na kuanza kulinganisha, karatasi na kioo, karatasi na kioo, akitia alama ya vema. Karatasi ya tano, kalamu ikasimama.

"Hapa palikuwa na ujumbe," alisema.

Rula akainama kutazama. Palikuwa peupe. Shemeji, na funguo zake, na mapenzi yake.

"Jana jioni ulikuwepo," Rula alisema.

"Na nani kaufuta?"

"Mtu wa nyumbani kwangu. Nilimkataza." Aliisikia sauti yake ikitoka nyembamba, sauti ya mtu anayedanganya. "Mama, tafadhali fungua bahasha."

Karani alimtazama juu ya miwani, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akachana bahasha, akasoma ukurasa wa kwanza, akageuza wa pili na kufika pale ujumbe uliponakiliwa. Akailaza barua kando ya karatasi ya tano, akaweka kidole cha kushoto huku na cha kulia kule, akavisogeza pamoja: asante sana mwalimu, ukurasa wa pili, umepinda, nimeunyoosha. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Mwisho wa mstari vidole vyote viwili vilifika kwa pamoja.

Akatia alama ya vema. Akachukua muhuri wa kupokelea, akaugonga chini ya barua, nao ukakaa shingo upande. Mkono wa Rula ulianza kwenda, ukaishia kwenye ukingo wa meza.

"Nenda kangoje," karani alisema, akabeba barua na karatasi ya tano kuingia nazo kwa wakili.