Behewa la Rangi ya Zambarau

Juzi nilisimama kwenye duka la rangi pale mjini Tabora, na muuza rangi, mzee wa Kihindi aliyelirithi duka kwa baba yake, akaniuliza swali dogo tu: "Mama, behewa la gadi unataka rangi gani?" Nikairudisha mezani brashi niliyokuwa nimeishika. Mimi, rafiki yangu, nina ugonjwa wa kutengeneza treni ndogo za mbao, na hili nilitaka kumzawadia baba, ambaye sasa ni mzee wa kuota jua barazani kwake Ipuli. Kupaka rangi ni kazi gani hiyo ya kumtia mtu baridi? Lakini behewa kama hilo nilishalipaka mara moja, utotoni, na rangi nikaikosea.

Tulikaa kwenye nyumba za reli: mimi, mama, baba, na bibi mzaa baba. Asubuhi zilinuka moshi wa kuni na michembe ya viazi vitamu inayochemka, na honi ya treni ya Kigoma ndiyo ilikuwa saa yetu. Baba alikuwa gadi, mwenye bendera na taa, anayekaa behewa la mwisho kabisa. Alikuwa mkali, loo! Akirudi safari hata kuku walijificha. Ila nilipomwamkia shikamoo alijibu, "Marahaba, gadi mdogo," na neno hilo lilinitosha wiki nzima.

Kiangazi kimoja treni ilirudi bila yeye. Walisema alishuka kwenye kituo kidogo cha porini, huko mbele ya Kaliua, akakague magurudumu, basi, hakuonekana tena. Watu walitafuta msituni mpaka wakachoka. Mama akaacha kula. Majirani wakawa wakipita mlangoni kwetu wananong'ona, utadhani kuna maiti ndani.

Bibi hakulia. Wazee wake walikuwa wapagazi, wa kubeba pembe kwenda pwani, na alisema wake zao walijua la kufanya. Mume akichelewa, unachonga mzigo mdogo unaofanana na wake, unauweka mlangoni, mbele yake ikitazama ndani ya nyumba. "Kinachofanana huita mwenziwe," alisema. "Ukikosea, atakuja mtu, ila hujui nani." Na mzigo wa baba ulikuwa nini kama si behewa? Akanichongea kwa mbao ya mninga, kwa kupapasa. Rangi ikawa kazi yangu, maana macho yake yalishaingia ukungu.

Behewa la baba lilikuwa rangi ya kutu. Tulichanganya utomvu mwekundu wa mninga, nta ya nyuki kutoka Ipole, na masizi ya sufuria, kidogo tu, bibi alisisitiza. Mimi nikaona kutu imekaa kinyonge, haimfai baba yangu. Nikaongeza masizi, nikaongeza tena, hadi ikawa kama zambarau zilizoiva. Ilipendeza mno! Tukaliweka mlangoni.

Hazikupita siku nyingi, mchana kweupe, tukaitwa stesheni. Treni ya mizigo ilikuwa imesimama, na mwisho wake lilikuwapo behewa la rangi ya zambarau. Baba akashuka, amekonda, bendera kwapani. Mama akamrukia shingoni. Nikamwamkia. Akaniangalia kwa upole sana, akasema, "Marahaba, mwanangu." Bibi akampapasa uso taratibu, kutoka kipaji hadi kidevu. Kisha akarudi nyuma, akamwambia mwanawe wa kumzaa: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Toka siku hiyo hakunichapa tena. Alinisuka nywele, akala mlenda wa karanga aliokuwa akiuchukia, na mama akaanza kuimba jikoni. Mbwa wetu tu ndiye aliyehama baraza. Na bibi, mpaka anakufa, alimpakulia kwenye sahani ya wageni, ile yenye maua. Nilimpenda, jamani. Nilimpenda kuliko yule wa kwanza.

Muuza rangi alikuwa bado ananisubiri. "Ya kutu ninayo," akasema. "Mabehewa yote ya zamani yalikuwa hivi." Nikamuuliza kama aliwahi kuona la zambarau. Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Zambarau? Hapana mama. Reli hii haijawahi kuwa nalo."

Akafungua kopo la rangi ya kutu, nikalichungulia. Ilikuwa yenyewe haswa, ile ya behewa aliloondoka nalo baba. Nikalisukuma kopo kando.

"Funika," nikamwambia. "Nichanganyie zambarau."

Baba alilipokea behewa lake kwa mikono miwili, akalinusa, akatabasamu. Kisha akajiinua kwa fimbo, akaenda kuliweka mlangoni, mbele yake ikitazama ndani. Desturi hiyo bibi alinieleza mimi peke yangu, na mimi sijamsimulia mtu.

Zile nyumba za reli siku hizi zimebaki kuta. Michembe ya bibi sijaipata tena popote, na honi ikilia ni kwa bahati. Hayo nayakumbuka kwa utamu. Lakini upepo wa kiangazi ukianza kuvuma namfikiria mtu mmoja mkali, yuko kwenye kituo cha porini, bendera mkononi, anangoja mtu wa nyumbani apatie rangi. Hakuna mwingine aliyewahi kuniita gadi mdogo. Anisamehe. Rangi yake naijua, na sitaipaka.